Ramani ya Sakafu ya Bahari: Mchango wa Mataifa Mengi



Katika somo hili tungependa tuangalie kazi moja kubwa ambayo haizungumzwi sana vijijini. Ni kazi ya kuchora ramani ya sakafu ya bahari, yaani ile ardhi iliyo chini ya maji. Nchi nyingi zinashirikiana katika kazi hii. Ilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita na mpaka leo haijamalizika.

Tunajua kuna mtu atauliza: "Sisi ni watu wa bara, wengine wetu hata bahari hatujaiona. Ramani hiyo itatusaidia nini?" Swali hilo ni la haki, na ndilo tutaanza nalo. Katibu anaweza kusoma somo kwa sauti, sehemu moja moja, halafu kikundi kijadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KWA NINI TUJALI?

Tarehe 26 Desemba 2004, siku iliyofuata Krismasi, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Hapa kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri na watu walikuwa wamelala. Sakafu ya bahari iliinuka ghafla, ikasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake, na mawimbi yakaanza kusafiri kila upande. Mawimbi ya namna hii huitwa tsunami. Watu kama 230,000 walikufa, wengi wao Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand.

Lakini mawimbi hayakuishia huko. Yalivuka Bahari ya Hindi yote yakafika Afrika Mashariki mchana wa siku ile ile. Somalia walikufa watu karibu 300. Tanzania pia walikufa watu. Kenya alikufa mtu mmoja.

Mbona Kenya mmoja na Somalia karibu 300? Zipo sababu kadhaa, na moja ni kwamba pwani ya Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi. Lakini sababu nyingine ni habari. Kenya habari zilifika kabla ya maji, na maafisa wakawaondoa watu ufuoni. Somalia wimbi lilichukua masaa mengi kufika, lakini hapakuwa na serikali ya kufikisha onyo kwa wavuvi. Walikuwa na muda, ila hawakuwa na habari.

Sasa ramani inaingia wapi hapo? Inaingia kwa sababu mwendo wa tsunami unategemea kina cha bahari. Mahali penye kina cha mita 4,000, wimbi linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, kama ndege. Likifika penye kina cha mita 10, linapungua mwendo mpaka kilomita 36 hivi kwa saa, kama baiskeli inayoteremka mlima. Maji ya mbele yakipunguza mwendo, yale ya nyuma bado yanakuja mbio. Ndipo wimbi linapanda juu na kuwa ukuta. Tena, milima iliyo chini ya bahari inaweza kugeuza njia ya wimbi, kama vile jiwe kubwa linavyogeuza maji kwenye mtaro wa kunyunyizia shamba.

Hivyo basi, mtu anayetaka kuwaambia watu wa Lamu au Malindi kwamba wimbi litafika saa fulani, lazima kwanza ajue kina cha bahari kutoka huko linakotoka mpaka ufuoni. Baada ya mwaka 2004 nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi zilikubaliana kuunda mpango wa pamoja wa kutoa onyo, na tangu mwaka 2013 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa hesabu hizo kwa nchi nyingine zote. Hesabu zao haziwezi kuwa nzuri kuliko ramani wanayotumia.

Na kwa ndugu zetu wa bara: mtoto wako aliye ng'ambo akikupigia simu kwa intaneti, sauti yake hupita ndani ya waya uliolazwa kwenye sakafu ya bahari. Nyaya kubwa mbili kama hizo, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Huwezi kulaza waya mahali usipopajua. Ukiupitisha juu ya genge kali, utakatika.

2. ZAMANI WALIPIMA KWA KAMBA

Wavuvi na manahodha wa pwani wanaijua bildi: kipande kizito cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Unakishusha majini, kikigusa chini unahesabu pima ulizotoa. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa. Waingereza nao walikuwa na kipimo chao cha baharini kinachokaribia sana pima yetu. Kumbe mabaharia wa kila mahali walikuwa wakipima kwa mwili wa binadamu.

Kamba inatosha karibu na bandari. Lakini katikati ya bahari kuu ni taabu. Meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger ilizunguka dunia kutoka mwaka 1872 hadi 1876 ikipima kina na kuchunguza viumbe. Mwaka 1875, huko Bahari ya Pasifiki, waliteremsha kamba ikaenda zaidi ya mita 8,000 kabla ya kugusa chini. Leo tunajua kwamba sehemu yenye kina kuliko zote iko karibu na hapo, na kina chake ni karibu mita 10,900. Chukua Mlima Kenya, uuweke juu ya Mlima Kenya mwingine, uitumbukize humo. Bado vilele vyote vitafunikwa na maji.

Kipimo kimoja cha namna hiyo kilichukua masaa, na mwisho wa kazi ulikuwa umejua sehemu moja tu. Fikirini mtu aliye juu ya mawingu, haoni chini, akishusha kamba mara tatu juu ya nchi yetu yote. Mara ya kwanza iangukie Kisumu, ya pili Nairobi, ya tatu Lamu. Mtu huyo angechora mpando mdogo kutoka Kisumu hadi Nairobi, halafu mteremko mzuri kutoka Nairobi hadi Lamu. Asingejua kamwe kwamba kuna Bonde la Ufa au Mlima Kenya. Hivyo ndivyo ramani za bahari zilivyokuwa.

3. MWAKA 1903: WALIKAA PAMOJA

Kila nchi ilikuwa na vipimo vyake. Wengine walipima kwa mita, wengine kwa kipimo cha Kiingereza. Mahali pamoja palipewa majina mawili au matatu. Vipimo vya nchi moja havikuweza kuunganishwa na vya nchi nyingine.

Mwaka 1903 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Wiesbaden, Ujerumani, wakakubaliana kuchora ramani moja ya bahari zote. Walikubaliana kutumia mita, na kuhesabu mahali wakianzia mstari mmoja, ule wa Greenwich. Mtawala wa nchi ndogo ya Monaco, Prince Albert wa Kwanza, ambaye alipenda sana elimu ya bahari, alijitolea kugharamia kazi. Ramani ya kwanza ilitolewa mwaka 1905 katika karatasi 24. Ilikuwa na vipimo 18,400 kwa bahari zote za dunia. Ni vichache mno, lakini kwa mara ya kwanza vilikuwa katika daftari moja.

Mradi huo unaitwa GEBCO na bado upo. Siku hizi unasimamiwa kwa pamoja na shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, lililoanzishwa mwaka 1921 na lenye makao yake Monaco, pamoja na tume ya bahari ya UNESCO.

Hebu tuangalie jambo moja hapa. Hawakuanza kwa kununua meli mpya. Walianza kwa kukubaliana jinsi ya kupima na jinsi ya kuandika. Kikundi ambacho kila mtu ana debe la ukubwa wake hakiwezi kugawana mahindi bila ugomvi.

4. SAUTI BADALA YA KAMBA

Ukipiga kelele ukiwa mbele ya mwamba mkubwa, sauti inakurudia. Huo ni mwangwi. Majini sauti husafiri haraka kuliko hewani, karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Meli ikituma sauti kwenda chini na kuhesabu muda mpaka mwangwi urudi, kina kinajulikana.

Tufanye hesabu ndogo. Sauti imetumwa, mwangwi umerudi baada ya sekunde 4. Sauti imesafiri mita 1,500 mara 4, yaani mita 6,000. Lakini hiyo ni kwenda na kurudi. Kwa hiyo kina ni nusu yake, mita 3,000. Kazi iliyochukua masaa kwa kamba sasa inachukua sekunde. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli ya Ujerumani iliyoitwa Meteor ilivuka Atlantiki ya Kusini mara nyingi ikipima kwa njia hii, na watu wakaanza kuona kwamba chini kule si tambarare hata kidogo.

Meli za siku hizi hutuma sauti nyingi kwa pamoja, kulia na kushoto, kama mtu anayefagia uwanja kwa ufagio mpana. Kila meli inapopita inaacha nyuma yake ukanda uliopimwa wote.

5. MAMA ALIYEKATALIWA MELINI, NA BONDE LETU LA UFA

Katika miaka ya 1950 mama mmoja Mmarekani, Marie Tharp, alifanya kazi New York pamoja na mwenzake Bruce Heezen. Wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli zao za utafiti. Wanaume walienda baharini, wakaleta tarakimu, naye akaketi mezani akizichora. Katikati ya Atlantiki aliona safu ndefu ya milima, na katikati ya milima hiyo bonde refu. Heezen mwanzoni alilipuuza wazo hilo. Lakini mwenzao mwingine alipochora mahali matetemeko ya ardhi yalipotokea chini ya bahari, yalilalia ndani ya bonde lile lile.

Walifuata bonde hilo kutoka bahari moja hadi nyingine. Likapita Bahari ya Hindi, likaingia Ghuba ya Aden, na kutoka hapo likaungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwa hiyo bonde linalopita Naivasha na Nakuru ni ndugu wa lile lililo chini ya bahari. Wale waliocheka wazo kwamba mabara husogea walianza kunyamaza. Ramani ya Tharp na Heezen ya bahari zote ilitoka mwaka 1977.

Bahari yetu ya Hindi ilikuwa nyuma sana kwa vipimo. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 nchi nyingi zilituma meli zaidi ya 40 kuichunguza kwa pamoja. Huo ulikuwa wakati wa uhasama mkubwa kati ya Marekani na Urusi, na hata hivyo wote wawili walishiriki.

Lakini uhasama huo uliacha alama. Serikali ya Marekani iliweka siri vipimo kamili vya kina, kwa sababu ya nyambizi za kivita. Tharp na Heezen hawakuruhusiwa kuchapisha tarakimu hizo. Ndiyo maana walichora milima kama picha, inavyoonekana kwa jicho, bila kuandika kina cha kila mahali.

6. TUKO WAPI SASA?

Mwaka 2017 GEBCO na taasisi ya Kijapani iitwayo Nippon Foundation walitangaza mpango wa Seabed 2030. Lengo ni kukamilisha ramani ya sakafu yote ya bahari ifikapo mwaka 2030. Walipoanza, ni asilimia 6 hivi tu iliyokuwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 27.3. Wamepiga hatua, lakini karibu robo tatu bado.

"Lakini mbona tunaona ramani zinazoonyesha bahari yote?" Sehemu kubwa ya ramani hizo imekadiriwa kwa setilaiti. Mlima mkubwa chini ya bahari huvuta maji kidogo kwa uzito wake, na setilaiti huona maji yameinuka hapo. Ni ujanja mzuri, ila unaonyesha vitu vikubwa tu. Ni kama kutambua kuna mtu chini ya blanketi bila kujua ni nani.

Hasara ya kutojua ilionekana mwaka 2014, ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipopotea ikiwa na watu 239. Iliaminika kwamba ilianguka kusini mwa Bahari ya Hindi. Watafutaji hawakuweza kuanza mara moja kutafuta chini, kwa sababu ramani ya mahali hapo haikutosha kuongoza vyombo vyao. Ilibidi wapime kwanza. Australia, Malaysia na China walishirikiana mpaka Januari 2017, na ndege haikupatikana. Baadaye Australia ilivitoa vipimo vyote bure kwa ulimwengu. Familia hazikupata jibu walilongoja, lakini kazi ile haikufungiwa kabatini.

Meli moja peke yake ingehitaji mamia ya miaka kumaliza kazi hii. Kwa hiyo siku hizi hata meli za mizigo na mashua za uvuvi huombwa kusaidia. Nyingi tayari zina chombo cha kupimia kina kwa sauti. Zikiwekewa kifaa kidogo cha kuhifadhi vipimo, kila safari yao ya kawaida inakuwa mchango. Vipimo hupelekwa kwenye ghala moja la kimataifa huko Boulder, Marekani, na yeyote anaweza kuvichukua.

Pia watu wanafundishwa. Tangu mwaka 2004 vijana kutoka nchi nyingi, zikiwemo nchi zisizo tajiri, husomea upimaji wa bahari katika Chuo Kikuu cha New Hampshire kwa udhamini wa Nippon Foundation. Mwaka 2019 kundi la waliosoma huko lilishinda shindano la kimataifa la upimaji wa bahari na kupata dola milioni 4.

7. ANAYEPIMA NDIYE ANAYESIKILIZWA

Tusidanganyane kwamba kila kitu ni upendo. Sakafu ya bahari ina madini, na wapo wanaotaka ramani ili wayachimbe. Nchi nyingine bado huficha vipimo vyao kwa sababu za kijeshi. Makampuni mengine hupima na kuweka siri.

Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, iliyoanza kutumika mwaka 1994, inasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote ni urithi wa pamoja wa binadamu. Iko mamlaka maalumu huko Kingston, Jamaika, ya kusimamia madini yake. Sheria hiyo hiyo inaipa nchi ya pwani maili 200 za baharini. Nchi ikitaka kudai sakafu iliyo mbali zaidi ya hapo, lazima ipeleke vipimo vya kuthibitisha kwamba ardhi yake inaendelea chini ya maji. Kenya ilipeleka maombi yake mwaka 2009.

Tunalielewa jambo hili sisi wa vijijini, kwa sababu ya mashamba. Anayekuja na mpimaji na ramani husikilizwa. Anayekuja na mdomo mtupu huambiwa angoje. Kwa hiyo urithi wa pamoja bila ramani ya pamoja ni maneno tu. Walio na vipimo watagawana, na wengine watasikia habari redioni.

8. KINACHOFANYA MCHANGO HUU UENDELEE

Kazi hii imepita vita viwili vya dunia na haijafa. Tukiichunguza tunaona sababu. Wote wanapima kwa kipimo kimoja. Kinachotolewa hakirudi kuwa mali ya mmoja. Na sababu ya mwisho hatujaitaja bado: ramani ya GEBCO ina ramani nyingine inayokwenda nayo, ambayo huonyesha kila mraba umejulikanaje, kama umepimwa kwa meli au umekadiriwa tu. Hawafichi palipo na pengo. Nahodha anajua aamini wapi na awe na tahadhari wapi, na anayetaka kuchangia anaona mahali anapohitajika. Daftari linaloonyesha deni na pengo waziwazi ni salama kuliko daftari safi la uongo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka 2004 watu wa Somalia walikuwa na muda lakini hawakuwa na habari. Katika eneo letu, onyo la mafuriko au maporomoko ya ardhi likitolewa, linamfikiaje mama aliye mbali na barabara?

2. Sauti imetumwa kutoka kwenye meli na mwangwi umerudi baada ya sekunde 6. Kina ni mita ngapi? (Kumbuka kwenda na kurudi.)

3. Je, nchi ina haki ya kuficha vipimo vya bahari kwa sababu ya usalama wake? Tuseme faida na hasara.

4. Mvuvi akiombwa vipimo vya mahali anapovua, anaweza kuogopa kwamba wengine watajua samaki wake walipo. Tungemshauri nini?

5. Ni mambo gani katika kijiji chetu ambayo tunadhani tunayajua, kumbe tumeyakadiria tu na hatujawahi kuyapima?

Jibu la swali la pili ni mita 4,500. Hayo mengine hayana jibu moja. Katibu aandike yale kikundi kilikubaliana, na yale hamkukubaliana pia ayaandike.